Maji kwa Kiburma, maji kwa Kitulu

Babu yangu mzaa baba aliingia Keya, jeshi la wakoloni Waingereza, akiwa kijana, akapelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyopita bonde la Kabaw katikati ya mvua za kusi za mwaka 1944 na kufika Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Hakuwa mtu wa kusimulia vita. Alichorudi nacho, na ambacho sisi wajukuu tulikisikia mara nyingi, ni neno moja tu: ye, yaani maji. Uzeeni, akiwa ameketi barazani na kiu imemshika, alisema "ye", nasi tulijua kwamba anataka kata ya maji ya mtungini. Nyumba yenyewe iliezekwa kwa vigae vyekundu, na siku kigae kimoja kiliposhushwa kwa ukarabati niliona upande wake wa chini jina la Mangalore limepigwa chapa kwenye udongo. Mangalore ni mji wa pwani ya magharibi ya India ambao wenyeji wake wasemao Kitulu huuita Kudla. Kwa hiyo lugha mbili ninazotaka kuzilinganisha hapa zilikuwa nyumbani kwetu kabla sijajua majina yake, moja kinywani mwa babu na nyingine juu ya kichwa chake.

Niseme mapema kwamba lugha hizi si ndugu. Kiburma ni cha familia ya Kisino-Tibeti. Watu wapatao milioni 33 wamekinyonya na maziwa ya mama, na mamilioni wengine nchini Myanmar, ndiyo Burma ya babu, wamejifunza kwa sababu ndiyo lugha ya serikali na ya shule. Kitulu ni cha familia ya Kidravidi, pamoja na Kikannada, Kimalayalam na Kitamil, na sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu wasemaji 1,846,427, wengi wao wakiwa katika wilaya za Dakshina Kannada na Udupi jimboni Karnataka, na katika wilaya ya Kasaragod jimboni Kerala. Hakimo katika orodha ya lugha 22 zilizotajwa katika nyongeza ya nane ya katiba ya India. Mtu akitazama tarakimu hizi peke yake atadhani kwamba habari imekwisha, kwamba huku kuna lugha kubwa yenye dola na kule kuna lugha ndogo isiyo nayo. Mimi kilichonivuta ni jambo jingine, nalo ni umbali uliopo kati ya kinywa na kalamu katika kila moja yao, umbali ambao katika Kiburma na katika Kitulu umekwenda pande mbili zinazopingana kabisa.

Sentensi moja inatosha kuanzia, na nitaichukua ile ya babu. Mwanamume wa Kiburma akitaka kusema kwamba anakunywa maji atasema: kyanaw ye thauk teh. Mtulu atasema: yaan niiru parpe. Mpangilio ni uleule, yaani mtendaji kwanza, kisha kitu kinachotendwa, na kitenzi mwishoni, kama kwamba sisi tungesema "mimi maji nakunywa". Kufanana huku kunapendeza kwa mtu anayeanza kujifunza, lakini kunapotosha, kwa sababu vitenzi hivyo viwili vinavyokaa mahali pamoja havifanyi kazi moja.

Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtu begani: ni-na-kunywa, a-na-kunywa, wa-na-kunywa. Kitenzi cha Kitulu nacho hubeba mtu, ila humbeba mwishoni. "Alikuja", kama ni mwanamume, ni batte. Kama ni mwanamke, ni battal. Kama ni mnyama au kitu, ni battundu. Hapo msomaji wa Kiswahili atasita kidogo, kwa maana sisi mbwa "amekuja" kwa kiambishi kilekile cha binadamu, ilhali Mtulu humweka mbwa pamoja na mvua na barua. Kitulu pia hutofautisha "sisi" inayomjumuisha anayeambiwa, nama, na "sisi" inayomwacha nje, yenkulu, tofauti ambayo kwa Kiswahili tunalazimika kuieleza kwa maneno mengi.

Kitenzi cha Kiburma hakimbebi mtu kabisa. Awe ni mimi, wewe au wale, ni thauk teh tu. Teh inasema kwamba jambo lipo au lilikuwepo, na likiwa la kutarajiwa teh huondoka ikaja meh. Kukanusha kunafanywa kwa kukizunguka kitenzi pande zote mbili, ma thauk bu, jambo ambalo kwetu halina ugeni, kwani nasi husema ha-nyw-i kwa kuweka alama mbele na nyuma. Mzigo wa utu ambao kitenzi cha Kiburma kimeukataa umechukuliwa na maneno mengine. Mwanamume hujiita kyanaw na mwanamke kyama, maneno ambayo asili yake ni ya mtumishi anayejinyenyekeza mbele ya mkubwa wake, na anayeheshimika huitwa U, yaani mjomba, au Daw, yaani shangazi. Ndiyo maana U Thant, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, jina lake lilikuwa Thant tu, na hiyo U ni heshima. Hata kuhesabu kunataka adabu: watu huhesabiwa kwa neno yauk, wanyama kwa kaung, na vitu vya mviringo kwa lon. Tuliolelewa katika ngeli tunaielewa hamu hii ya lugha kuvipanga viumbe na vitu katika mafungu, ijapokuwa sisi hupanga kwa viambishi na wao hupanga wakati wa kuhesabu.

Sasa nirudi kwenye ile sentensi na kuitazama ikiwa imeandikwa, maana hapo ndipo penye jambo lililonifanya niandike makala hii.

Neno la babu, ye, katika maandishi ya Kiburma huanza kwa herufi ra. Thauk, yaani kunywa, huandikwa kwa herufi ambayo katika maneno ya Kipali, lugha ya maandiko ya Kibuddha, ni sa, na mwisho wake una ka yenye alama ya kunyamazishwa. Mtu akisoma herufi moja moja kama zilivyo atatamka kitu kama "re sok", lakini Mburma wa Yangon anayesoma maandishi hayohayo husema "ye thau", na sauti ya mwisho anaikata kooni ghafla. Yangon yenyewe imeandikwa kwa ra, na kutokana na hiyo ra Waingereza walipata jina Rangoon. Neno sasana, ambalo kwa Kipali ni dini na mafundisho ya Buddha, Mburma hulitamka thathana, kwa ile th ya neno letu thamani. Maandishi ya Kiburma, kwa maneno mengine, yanahifadhi lugha iliyosemwa karne nyingi zilizopita. Katika mji wa Bagan liko jiwe la Myazedi, lililoandikwa mwaka 1113 kwa amri ya mwana wa mfalme aitwaye Rajakumar, lenye habari moja kwa lugha nne, kila lugha na upande wake: Kipali, Kipyu, Kimon na Kiburma. Tangu nyakati hizo vinywa vimehama, na kalamu imebaki karibu na palepale ilipokuwa.

Kuna wanaoiona hali hii kuwa mateso kwa mtoto wa shule, nami siwapingi, hasa kwa kuwa kuna tabaka jingine la ugumu: lugha ya vitabu na ya matangazo hutumia vipashio vyake yenyewe, hata ile teh ya mazungumzo hugeuka kuwa thi mwishoni mwa sentensi, na mtoto hana budi kujua zote mbili. Lakini naona pia faida ambayo haitajwi mara nyingi. Warakhine wa pwani ya magharibi ya Myanmar bado wanaitamka ra kama ra. Mtu wa Yangon anayesoma neno la maji ana mbele ya macho yake sauti ambayo ndugu yake wa Rakhine bado anayo kinywani, na tahajia moja inawahudumia wote wawili bila kumlazimisha yeyote kuacha matamshi ya kwao. Tena maandishi haya yaliyo mazito katika konsonanti ni hodari sana katika toni. La iliyotamkwa kwa sauti ya chini ni "kuja". La fupi yenye mkwaruzo kooni ni "mwezi". La ndefu yenye sauti ya juu ni neno la kuulizia. Zote tatu zinatofautiana kwenye karatasi, wakati Kikuyu chetu, ambacho nacho ni lugha ya toni, kinaandikwa bila kuonyesha toni hata moja, na msomaji anaachiwa kukisia.

Kitulu kina shida ya upande wa pili, na mimi sikuigundua kwa kusoma. Niliwahi kufanya kazi katika ofisi moja na mhasibu kutoka Udupi, mtu mpole aliyependa lugha yake mno, na siku moja nilimwomba aniambie "ninafanya" na "anafanya" kwa Kitulu. Akaniandikia kwa herufi za Kikannada, na nilipomtaka anisomee kwa herufi za Kirumi akasema la kwanza ni malpuve na la pili ni malpuve. Nikadhani kwamba hakunielewa. Akarudia polepole, huku akinielekeza nitazame midomo: katika "ninafanya" e ya mwisho ni pana, kinywa kimefunguka kuelekea a, katika "anafanya" ni e ya kawaida, kama ile ya neno letu mchele. Tofauti yote kati ya mimi na yeye iko katika irabu hiyo moja. Akaziba mdomo kwa karatasi, akanisomea mara kumi kwa kuchanganya, nami nikapatia saba.

Hati ya Kikannada, ambayo ndiyo inayotumika leo kuandikia Kitulu, haina herufi ya hiyo e pana. Kwa hiyo "ninafanya" na "anafanya", na pamoja nayo "ninakunywa" na "anakunywa", huandikwa sawasawa herufi kwa herufi, na msomaji huokolewa na kiwakilishi kilicho mwanzoni mwa sentensi kama mwandishi amekumbuka kukiweka. Ile u ya mwisho katika niiru nayo si u hasa. Hutamkwa midomo ikiwa imelegea, bila kuviringwa, na hati haina herufi yake maalumu. Kitenzi cha Kitulu hubeba mtu mwishoni, nami nimelieleza hilo hapo juu kama fahari yake. Sasa tazama kwamba hati inayokiandika inamwangusha mtu huyo palepale anapobebwa.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Kitulu kilikuwa na hati yake, ambayo wataalamu huiita Kitulu-Kitigalari, jamaa wa karibu wa hati ya Kimalayalam, na iliandikwa kwenye majani ya mitende. Wabrahmani waliitumia zaidi kwa maandiko ya Kisanskriti, lakini tungo za Kitulu nazo zilikuwepo, na katika karne ya 20 mtafiti Venkataraja Puninchathaya alizitoa kadhaa kwenye miswada ya majani iliyokuwa imesahauliwa. Kilichoiondoa hati hiyo mikononi mwa watu kwa sehemu kubwa ni uchapaji. Wamisionari wa Basel walifika Mangalore mwaka 1834, wakaanzisha mtambo wa kuchapia mwaka 1841, na Agano Jipya la Kitulu likatoka mwaka 1847 kwa herufi za Kikannada, ambazo tayari zilikuwa zikitumika kuchapia vitabu vya lugha kubwa ya eneo hilo. Nisiwadhulumu watu hao: sarufi ya Brigel ya mwaka 1872 na kamusi ya Männer ya mwaka 1886 ni kazi ambazo kila mtafiti wa Kitulu angali anazirudia. Lakini herufi ya risasi ikishamwagwa kwenye kalibu na kitabu kikishaenea, ni shida sana kurudi nyuma, na Kitulu kimevaa tangu hapo nguo iliyokatwa kwa kipimo cha jirani yake.

Misheni hiyohiyo ya Basel ndiyo iliyofungua kiwanda cha vigae mjini Mangalore mwaka 1865, na vigae vya mji ule vikavuka bahari hadi pwani yetu. Na chuo cha misheni hiyohiyo kule Basel ndicho kilichomfundisha Johann Ludwig Krapf kabla hajafika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Nilipoyaweka mambo haya pamoja nilikaa kimya muda mrefu. Mji mmoja wa Uswisi umegusa namna Watulu wanavyoandika, namna sisi tunavyoandika, na paa lililomkinga babu yangu na mvua.

Sisi nasi tunajua vizuri maana ya kuvaa hati ya mwenzio. Kabla ya Krapf, na kwa muda mrefu baada yake, Waswahili waliandika kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu kina irabu tatu ilhali sisi tuna tano. Kasra ilisimama badala ya i na e pia, kwa hiyo kiti na kete vilifanana. Dhama ilisimama badala ya u na o, kwa hiyo kuku na koko vilifanana. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalisomeka kwa sababu msomaji alikuwa ameyasikia kabla ya kuyasoma, na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, ni miongoni mwa wale waliotuhifadhia mashairi hayo yasipotee. Baadaye wakatokea wataalamu wa kwetu, Sheikh Yahya Ali Omar akiwa mmoja wao, waliozitengenezea herufi za Kiarabu alama za ziada ili zibebe Kiswahili kizima. Watulu nao wamepata mtu wa aina hiyo. S. U. Paniyadi, katika sarufi yake ya Kitulu ya mwaka 1932, alibaki na herufi za Kikannada lakini akaiongezea e pana alama yake, ili "ninafanya" na "anafanya" zitengane kwenye karatasi. Ni dawa ileile ambayo Wakikuyu wameitumia walipoweka viwimbi juu ya i na u ili irabu zao saba zipate herufi saba. Yasikitisha kwamba alama ya Paniyadi imebaki zaidi kwa wanaisimu, na mtu wa kawaida anayeandika ujumbe kwa Kitulu haitumii.

Siku hizi mapambano haya yamehamia kwenye simu. Wamyanmar waliteseka kwa miaka mingi kati ya mifumo miwili ya kuandikia Kiburma, Zawgyi na ule wa kimataifa wa herufi za lugha zote uitwao Yunikodi, ambapo ujumbe ulioandikwa kwa mfumo mmoja ulionekana kama takataka kwenye simu yenye mfumo wa pili, mpaka serikali ilipoitangaza tarehe 1 Oktoba 2019 kuwa siku ya kuhamia Yunikodi. Dola ina faida hiyo: inaweza kutaja tarehe. Hati ya Kitulu-Kitigalari yenyewe iliingizwa katika Yunikodi mwezi wa Septemba 2024, robo karne baada ya hati ya Kiburma, na vijana wengi wa Tulu Nadu, yaani nchi ya Watulu, wanaisherehekea na kujifunza upya kuandika majina yao kwayo. Nafurahi pamoja nao kwa dhati. Hata hivyo, kama ningeulizwa, ningewaomba waanze na ile irabu. Mtu akiandika kwa hati ya mababu au akiandika kwa hati ya Kikannada, mimi na yeye lazima tuonekane kuwa watu wawili.

Yule mhasibu alikuja nyumbani kwetu kabla hajarudi kwao, na nilimwonyesha kigae. Mama alimkaribisha chai, na katika mazungumzo nikamwomba mama, ambaye anasema Kimvita cha wazee, amtamkie mgeni maneno mawili: kaa la moto na kaa wa baharini. Vitabuni yanaandikwa sawa. Kinywani mwa mama yule wa baharini ana pumzi inayotoka baada ya k, na lile la moto halina. Mgeni hakuomba arudiwe. Alichukua kalamu, akaandika neno la kwanza kwa herufi ka ya Kikannada na la pili kwa herufi kha, akasema kwamba herufi hizo zimo katika hati yao tangu zamani, kwa ajili ya maneno ya Kisanskriti. Usiku ule nilifungua daftari langu la Kiburma nikazitazama ka yao na kha yao, ambazo watoto hujifunza kama herufi mbili za kwanza kabisa, nikaandika hapo maneno mawili ya mama.